Likizo Zilizolala

Nilichaguliwa kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa sababu nilikuwa masjala. Mwenyekiti alilisema wazi mbele ya mkutano: "Huyu dada mafaili yetu yote yako mikononi mwake. Tukimpa ukatibu, hakuna barua itakayotupita." Watu wakapiga makofi, nikasimama, nikashukuru, nikarudi kukaa bila kujua nimekubali nini. Nilikuwa nimesomea utunzaji wa kumbukumbu kule Tabora, Chuo cha Utumishi wa Umma. Sheria za kazi nilizijua kama wengi wetu tunavyozijua, kwa kusikia kwa watu.

Hiyo ilikuwa 2009. Taasisi yetu ilikuwa ya umma, Tanga mjini, yenye wafanyakazi mia na arobaini hivi. Jina lake naliacha, maana wengi ninaowasimulia bado wanaishi mji ule ule, na waliokuwa viongozi wetu nao ni watu wenye watoto na wajukuu. Ninachotaka kueleza ni jambo nililolielewa nimeshachelewa. Likizo na kupunguzwa kazi tulivijadili miaka tofauti, katika vikao tofauti, kwa mafaili tofauti. Kumbe lilikuwa jambo moja.

Kero ya kwanza kuletwa mezani kwangu ilikuwa nauli ya likizo. Mtumishi wa umma hugharamiwa nauli ya kwenda likizo kila baada ya miaka miwili, yeye na mwenza wake na watoto au wategemezi hadi wanne. Kwenye karatasi ni haki nzuri sana. Kwetu ilikuwa imegeuka kufuli. Uhasibu walikuwa na jibu moja, "kifungu hakina fedha", yaani fungu la nauli kwenye bajeti ni tupu, na mtu ambaye kwao ni Kasulu au Ukerewe hawezi kujilipia nauli ya watu sita kwa mshahara wa mlinzi. Basi anaahirisha. Anaandika barua ya kuomba likizo yake isogezwe mbele, mkuu wa idara anaidhinisha upesi maana kazi haitasimama, barua inashuka masjala, naiweka kwenye faili. Mwaka unaofuata tena. Nilikuwa na mafaili yenye barua nne, tano, sita za namna hiyo zikifuatana. Wenyewe walijisifia nazo. "Mimi huu mwaka wa sita sijaenda likizo," mzee mmoja mlinzi alikuwa akisema kantini, na sisi tukamwita mchapakazi.

Nilianza kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 usiku, baada ya watoto kulala. Kifungu cha 31 kinampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa humo humo. Nikaipigia mstari ile 28. Nikaendelea na vifungu vya uzazi na ugonjwa. Sehemu ya chini ya kifungu hicho cha 31 niliipita haraka, na nitairudia, kwa sababu ndiyo iliyotugharimu.

Tulikaa kujadili Mkataba wa Hali Bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri juu ya masharti ya kazi, mwaka 2011. Watu wengi huchanganya, hata waliomo: Baraza la Wafanyakazi ni chombo cha ushauri, mwenyekiti wake ni mkuu wa taasisi mwenyewe, mnakula chakula cha mchana pamoja na mnatoka na maazimio. Majadiliano ya mkataba ni kitu kingine. Pale kuna upande huu na upande ule, na kila sentensi yenye gharama itapanda kwenye Bodi na kwa Msajili wa Hazina, anayesimamia mashirika ya umma kwa niaba ya serikali, kabla haijawa sentensi ya kweli. Kwenye Baraza nilizoea kusema "tunaiomba menejimenti". Katika majadiliano ofisa wa chama aliyetoka mkoani kutusaidia alinikataza neno hilo tangu siku ya kwanza. Aliniambia, "Mwanangu, anayeomba hupewa au hunyimwa. Wewe pendekeza." Nikaona aibu, lakini nikajifunza.

Katika vikao vyote vile, ninachokikumbuka zaidi ni siku tuliyojadili misiba. Sheria inatoa angalau siku 4 za malipo katika mzunguko wa likizo, yaani kipindi ambacho sheria huhesabia likizo, kwa mtoto kuugua au kufariki, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Ukiisoma haraka unaona inatosha. Lakini jamaa mmoja wa stoo alikuwa amekatwa siku tatu kwa kwenda kumzika baba yake mkubwa, aliyemlea tangu ana miaka miwili. Jibu aliloandikiwa: huyo si mzazi. Nilimuuliza Afisa Utumishi, naye ni mtoto wa Pangani, mtu wa heshima zake: "Samahani kaka, ndugu yake baba yako aliyemtangulia kuzaliwa unamwitaje?" Akasema, "Baba mkubwa." "Na alipofariki, ulikaa matangani siku ngapi?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpaka hitma." Tukaandika humo kwamba mzazi ni pamoja na baba mkubwa na mdogo, mama mkubwa na mdogo, na waliomlea mfanyakazi. Haikuwa na gharama kubwa, ikapita. Mpaka leo naiona ndiyo sentensi bora kuliko zote tulizoandika, kwa kuwa lugha yetu ilikuwa imeshalisema siku zote, ni fomu tu zilizokuwa hazijasikia.

Likizo ya uzazi ya akina baba ilikuwa ngumu zaidi. Siku 3 tu, na lazima zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Dereva wetu mmoja, mtu wa Kasulu, mkewe alikwenda kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi. Alisimulia mbele ya kikao: alipanda basi Tanga, akafika kesho yake usiku sana, akampakata mwanawe kwa mwanga wa tochi, alfajiri akageuza. Hakulalamika. Alisimulia tu hivyo hivyo, kama anayetoa ripoti ya safari. Tukapata siku 5 za kazi na siku za safari zikawekwa kando.

Kulikuwa na dada wa maabara aliyejifungua njiti, kabla ya miezi minane. Siku zake 84 za uzazi zilianza kuhesabika mtoto akiwa hospitali ya Bombo, amefungwa kifuani kwa mama yake kwa kanga ili apate joto. Alipotoka hospitali alikuwa amebakiza wiki nne arudi kazini, na mtoto hajafikia uzito wa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake. Tulipendekeza siku za hospitali zisihesabiwe. Tukaambiwa sheria haisemi hivyo. Tulichopata ni kwamba Mkurugenzi "anaweza kuzingatia". Nilisaini nikiwa na uchungu. Mwaka 2025 sheria za kazi ziliporekebishwa, mama aliyejifungua kabla ya wakati akaongezewa muda mpaka mimba yake ingetimiza wiki 40, nikampigia simu yule dada. Mtoto wake alikuwa kidato cha pili. Tulikaa kimya kwenye simu muda mrefu.

Eda pia tuliigusa. Mhudumu wetu wa mapokezi alifiwa na mumewe, na eda ni miezi minne na siku kumi. Siku nne za msiba na ishirini na nane za mwaka hazifiki hata nusu ya nusu. Tukakubaliana aunganishe likizo ya mwaka na likizo bila malipo, na tukaongeza maneno ambayo wakati ule niliyaona ya kujazia karatasi: "na nafasi yake ya kazi italindwa." Nauli nayo tukaiwekea kwamba italipwa kabla mtu hajaondoka. Sikukuu ndani ya likizo tulishindwa, zikaendelea kuhesabiwa.

Tulisaini mapema 2012, tukapiga picha. Mei Mosi ile tulivaa fulana mpya.

Barua ya kusudio la kupunguza wafanyakazi ilifika masjala mwaka uliofuata, Ijumaa saa tisa unusu alasiri. Niliipokea mimi, nikaigonga muhuri mimi, nikaifungulia faili mimi. Sababu ilikuwa muundo mpya: idara mbili zinaunganishwa, ulinzi na usafi wanapewa makampuni ya nje. Nafasi 31.

Sheria, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu atoe taarifa mapema, atoe taarifa zote zinazohusika, na ashauriane na chama juu ya sababu zenyewe, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua watakaoondoka, lini, na malipo gani. Mpangilio wa maneno hayo una maana yake. Sababu kwanza. Namna ya kuchagua baadaye. Majina hayamo kabisa katika hatua hiyo.

Hapa lazima niseme habari za baba yangu. Alikuwa fundi katika shirika moja la umma miaka ya 1990, wakati Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilipokuwa ikiyapanga mashirika kuuzwa na kufungwa. Majina ya waliopunguzwa yalibandikwa getini. Baba alilisoma lake akiwa ameshika baiskeli, katikati ya watu, wengine wakilia, wengine wakimpa pole kabla hajamaliza kusoma. Nilikuwa darasa la sita. Aliporudi nyumbani hakusema kitu, aliiegemeza baiskeli ukutani akaenda kuoga saa sita mchana. Tangu siku hiyo nilijiapia kwamba kama nitakuwa na uwezo, hakuna mtu atakayelisoma jina lake getini.

Basi katika kikao cha kwanza Mkurugenzi aliposogeza bahasha ya kaki mezani na kusema, "Mama Katibu, hii ni kwa heshima yenu, lakini isitoke humu," mimi niliiona ni heshima kweli. Niliona tunawakinga watu na geti. Tukaifungua.

Hilo ndilo kosa langu kubwa katika miaka yote ya uongozi. Tulipaswa kuirudisha imefungwa. Mara tu tulipoyaona majina, tuliacha kuuliza kama nafasi 31 zinastahili kufa, tukaanza kuuliza kwa nini fulani yumo. Mwenyekiti wetu, mtu mwema niliyemheshimu kama kaka, aliona jina la shemeji yake. Vikao viwili vilivyofuata alizungumza juu ya idara moja tu. Sikumlaumu, lakini menejimenti waliliona, wakajua pa kumshika. Na kwa kuwa tulikuwa tumeahidi kunyamaza, tulinyamaza. Siku tisa. Nikipita korido nilikuwa nasalimiana na watu huku najua. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Na jina lake liko kwenye bahasha.

Katika siku hizo tisa, kijana mmoja wa idara ya ugavi aliingia mkopo benki kuezeka nyumba yake Pongwe. Barua ya mwajiri ya kuthibitisha ajira ilipita masjala. Niliiandikia namba ya kumbukumbu kwa mkono wangu. Nilijua jina lake lilikuwa la kumi na saba.

Siku ya kumi sikuweza tena. Nilimwambia mwenyekiti tunaitisha mkutano wa wanachama, tunasema kila kitu isipokuwa majina, na majina tunayarudisha kwa mwajiri kwa barua. Alikubali, na kwa hilo namshukuru. Mkutano ulikuwa mchungu. Walitutukana, wakatukumbusha ada yao ya chama, asilimia mbili ya mshahara kila mwezi, mama mmoja alinikumbusha fulana za Mei Mosi. Nilikaa nikasikiliza, kwa kuwa walikuwa na haki. Lakini kuanzia hapo tulikuwa na nguvu ambayo bahasha ilikuwa imetunyang'anya. Madereva wakatueleza magari mangapi yamekodiwa wakati ya taasisi yameegeshwa. Makatibu muhtasi wakatueleza nafasi mbili zilizokuwa zinatangazwa huku watu wanapunguzwa. Tuliomba ikama, yaani orodha ya nafasi zote za kazi, tukaomba bajeti, tukapewa nusu.

Nikarudi kwenye ile orodha kabla haijarudishwa kwa mwajiri, safari hii nikitazama sababu zilizoandikwa pembeni ya kila jina. Nikaona kitu kilichonifanya nisimame kitini. Yule mhudumu wa mapokezi, aliyekuwa amekaa eda, yumo. Dada wawili waliokuwa likizo ya uzazi, wamo. Na pembeni ya majina yote matatu palikuwa na maelezo yale yale: "Kazi imeendelea bila kuathirika wakati hayupo."

Likizo tulizokuwa tumezipigania miaka miwili nyuma, tukapiga nazo picha, zilikuwa zimegeuzwa ushahidi dhidi ya waliozitumia. Nikawakumbuka wale waliokuwa wakikataa kwenda likizo, na mara ya kwanza nikaelewa kwamba nauli haikuwa sababu pekee. Walikuwa na hofu. Walijua, kabla yangu, kwamba asiyekuwepo huhesabiwa hahitajiki.

Hilo tulilipigana kwa nguvu zetu zote. Sheria inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ujauzito na jinsia, hilo lilikuwa upande wetu. Lakini kilichowanyamazisha ni yale maneno ya mkataba wetu wenyewe niliyoyadhani ya kujazia karatasi. Ofisa wa chama alimsomea Mkurugenzi polepole, "na nafasi yake ya kazi italindwa", kisha akamuonyesha saini yake chini. Yule mama wa mapokezi alitoka kwenye orodha siku ile. Wale dada wawili walitoka kikao kilichofuata.

Idadi ilishuka kidogo kidogo. Waliokuwa wamevuka miaka 55 tuliwaita mmoja mmoja, tukawapigia hesabu za kustaafu kwa hiari kwenye karatasi, na wanne wakaridhia bila kusukumwa. Zile nafasi mbili zilizotangazwa zilisitishwa. Magari yaliyokodiwa yalirudishwa, madereva watatu wakabaki. Tulifika 19, menejimenti wakasema hapo basi. Tukajaza fomu namba moja ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tukalipeleka shauri huko. Usuluhishi wenyewe una siku 30 kisheria, na nawaambia, siku hizo 30 ni nyingi sana kwa mtu anayejua ana mkopo na watoto shuleni.

Huko Tume ndiko tulikoipiga hesabu, na huko ndiko ile sehemu ya chini ya kifungu cha 31 iliponikuta.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usizidi miaka 10. Ukiwa na mshahara wa shilingi 420,000, gawa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni kama 16,150. Zidisha mara 7, mara 10, unapata milioni moja na laki moja na kidogo. Aliyefanya kazi miaka kumi na yule aliyefanya ishirini na mbili wanapata sawasawa. Kwa hiyo wengi walikuwa wameweka tumaini kwenye likizo walizolimbikiza. Yule mzee mlinzi alikuwa amekwisha piga hesabu yake kwenye kidaftari: miaka sita, siku 28 kila mwaka, siku 168. Alikuwa amepanga kununua mashine ya kusaga.

Jedwali la mwajiri lilimpa likizo ya mwaka mmoja.

Likizo inatakiwa itolewe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko wake kwisha, au miezi kumi na miwili kama mfanyakazi ameridhia kwa mahitaji ya kazi. Ikipita hapo bila kuchukuliwa, sheria haimlazimishi mwajiri kuilipa siku ya kuachana. Imelala. Tukasema: haikuchukuliwa kwa sababu nyinyi hamkulipa nauli. Msuluhishi akauliza kwa upole, "Mna maandishi?" Nikasema tunayo, maana nilijua faili la yule mzee lina barua sita. Nilizileta mwenyewe, nikaziweka mezani mwenyewe.

Kila moja ilisema: "Naomba kuahirisha likizo yangu kwa sababu za kifamilia."

Ilikuwa barua ya mfano. Iliandaliwa ofisi ya utumishi ili kuwarahisishia watu, wakawa wanajaza jina na tarehe tu. Nilikuwa nimeipokea mara mamia. Sikuwahi hata siku moja kumwambia mtu: usiandike hivyo, andika ukweli. Katika wale 19, wawili tu walikuwa wameandika kwa mwandiko wao, "kwa kuwa sijalipwa nauli ya likizo." Hao wawili walilipwa siku zao zote. Mmoja wao alikuwa mfagiaji aliyeishia darasa la nne.

Kikao cha tatu tulielewana. Kiinua mgongo siku 14 kwa mwaka na bila ukomo wa miaka 10. Likizo ya mwaka uliokuwepo na wa nyuma yake kwa wote. Notisi, cheti cha utumishi, na usafirishaji wa mfanyakazi, familia na mizigo hadi mahali alipoajiriwa, na posho ya kujikimu mpaka asafirishwe. Mzee mlinzi alisaini, akanishika mkono, akasema, "Umejitahidi, binti yangu." Ningependelea angenigombeza.

Kifungu cha usafirishaji nacho kilileta kazi. Yule dereva wa Kasulu alikuwa mmoja wa 19, na fomu yake ilisema mahali alipoajiriwa ni Tanga, kwa kuwa barua ya ajira aliichukulia Tanga. Basi hana madai. Nilikaa masjala jioni tatu mfululizo nikichambua mafaili ya zamani ya maombi ya kazi, yale tuliyoyafunga kwa kamba na kuyaweka chini ya ngazi. Jioni ya tatu nikaipata: barua aliyoitiwa usaili, imetumwa kwa anwani yake ya Kasulu, na nyuma yake bahasha ya maombi yake mwenyewe, muhuri wa posta bado unasomeka. Nilitoa nakala tatu. Walimlipa nauli ya watu sita na lori la mizigo. Alipofika alinipigia simu, nikasikia watoto nyuma yake wakikimbizana.

Niliendelea na ukatibu kipindi kimoja zaidi. Nilichobadilisha ni kidogo. Kila Januari nilikuwa naandika kwenye daftari kubwa jina la kila mtu na tarehe ya mwisho ya likizo yake kuwa hai, na ile barua ya mfano niliiondoa kwenye rafu. Mtu akija kuahirisha nilimpa karatasi tupu na kalamu. Wengine waliudhika, walisema nawachelewesha. Mkuu wa idara moja alinilalamikia kwa maandishi, nami nikayaweka faili. Mwaka wa kwanza watu 60 na kitu walikwenda likizo wakiwa wamelipwa nauli, na uhasibu wakagundua kwamba kifungu kina fedha kikiulizwa mapema, kabla ya bajeti kufungwa.

Yule kijana wa ugavi alikuwa mmoja wa 19. Benki ilichukua kiinua mgongo chake karibu chote. Nilikwenda kwake Pongwe baada ya mwezi, nikamweleza kwamba nilijua, na kwamba barua ile ya mkopo niliipa namba mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkewe alileta chai. Kisha akaniuliza kama kuna uwezekano jina lake lingetoka kwenye orodha iwapo tungesema siku ya kwanza. Nikamjibu kwamba sijui, lakini mabati angekuwa hajayanunua.

Nyumba ile ipo kando ya barabara, naiona nikienda Muheza. Upande mmoja umeezekwa.